Mguu wa Serikali

Nchi ninayotaka kuwasimulia msiitafute kwenye ramani, mtaumiza macho bure. Ipo tu. Ina bendera, ina wimbo, ina mvua zake na foleni zake, na ina Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Vitu na Miili, ambako mimi nilikuwa Afisa Uhusiano na msema chochote katika sherehe zote. Nalisema hilo mapema asije akatokea mtu akaniambia nimeyaokota mitaani. Sikuyaokota. Nilikuwepo, maikrofoni mkononi.

Tena naipenda nchi yangu. Wapo watu, hasa hawa wanaosoma magazeti ya nje, ambao wakisikia habari hii watacheka mpaka wajishike mbavu. Wacheke. Kuna nchi hazina hata taasisi.

Basi, pale kwetu palikuwa na daktari mmoja, Raziki Mwanyumba, mama mfupi, mwenye haraka, asiyejua kabisa kusubiri. Huyu Dk. Raziki alisoma fani mbili, jambo ambalo kwetu linatia shaka kidogo. Alisoma fizikia ya vitu, yaani kwa nini nondo ni ngumu na nta ni laini, halafu akaenda kusoma tiba ya mifupa. Akazichanganya elimu zake mbili kwenye sufuria moja, akapata gundi.

Gundi yenyewe nyeupe, nzito kama uji wa muhogo. Ikikaa kwenye kopo ni laini, lakini ikigusa joto la mwili wa binadamu inakauka upesi na kuwa ngumu kama mfupa. Mtu akivunjika mguu, anafunguliwa kidogo, anapakwa, anashonwa, na baada ya muda si mrefu anasimama. Nilielezwa hayo mara nyingi sana, nami nikawaandikia waandishi wa habari taarifa fupi: serikali imegundua mfupa.

*

Kabla ya watu huwa wanaanza panya. Hilo ni la dunia nzima. Ila kwetu panya hachukuliwi hivi hivi.

Dk. Raziki alileta panya weupe, wote wa ukoo mmoja, eti wakifanana ndipo utajua gundi imefanya nini. Kamati ya Maadili ikamjia juu. "Daktari," mwenyekiti akauliza, "panya wote watoto wa mama mmoja? Mikoa mingine haina panya?"

Ikaamuliwa panya watoke nchi nzima, kwa uwiano. Wakaja wa pwani, wembamba, wenye maringo. Wakaja wa milimani na manyoya yao. Wa bandarini sijui niseme nini. Paka wa Taasisi aliwaona akaomba likizo. Mkoa mmoja haukuwa na panya, ukaleta sungura, na barua ya kueleza kwamba ni panya aliyejiendeleza. Kisha ikabidi waridhie kwa hiari yao wenyewe, maana hatumlazimishi mtu. Wakakanyagishwa wino mguu wa kulia, wakakanyaga karatasi. Wale wa bandarini wakala muhuri.

Gundi ikafanya kazi kwa wote, hata sungura. Walipona vizuri mno, wakatoboa banda, wakaondoka. Nasikia wengi wao wako wizarani.

*

Sasa zamu ya watu. Mgonjwa wa kwanza kwenye orodha alikuwa Bi Kazija Ngwele. Huenda mmewahi kumwona. Ni yule mama mrefu, mwenye sauti, anayetembeza kanga mtaa kwa mtaa na wilaya kwa wilaya, robota kichwani, mikono kiunoni. Hana duka. Duka lake ni miguu yake.

Alivunjika siku ya uzinduzi wa ngazi. Wakazi wa mlimani walikuwa wameomba maji, serikali ikawajengea ngazi za kuyafuata. Mgeni rasmi akakata utepe, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba utepe ndio uliokuwa umezishikilia ngazi. Bi Kazija alikuwa amepanda juu kushangilia.

Nilimkuta wodini, mguu umening'inia hewani kwa kamba, kamba imepita kwenye roda, na upande wa pili limefungwa tofali. Dk. Raziki alikuwa anaupapasa ule mguu, uso umemkunjika.

"Mama, nisikufiche," akasema. "Mfupa umeanza kuunga, lakini unaunga upande. Ukikomaa hivyo, utachechemea maisha yako yote, na robota hutalibeba tena. Gundi ninayo. Nikiwahi kuiweka, unatembea kama zamani."

"Sasa unangoja nini, mwanangu?"

"Saini."

"Ya nani?"

"Ya waziri."

"Ala! Si aiweke? Kwani waziri hana mkono?"

Kwa wakati ule alikuwa nao.

*

Tatizo lilikuwa waziri yupi. Nchi yetu ina Wizara ya Vitu, chini ya Mheshimiwa Bwashehe Tindwa, inayoshughulikia kila kisichopumua, na Wizara ya Miili, chini ya Mheshimiwa Sospeter Kituntu, inayoshughulikia kila kinachopumua. Mipaka ilikuwa safi kabisa mpaka gundi hii ilipokuja kuitia matope.

"Gundi iko kwenye kopo," akasema Mheshimiwa Tindwa kikaoni. "Kopo halipumui. Gundi ni yangu."

"Inaingia mwilini," akajibu Mheshimiwa Kituntu. "Ikishaingia ni mwili. Ni yangu."

"Na ikiwa imetoka kwenye kopo, haijafika mwilini?" Dk. Raziki akauliza.

Mawaziri wakatazamana. "Hapo," akasema Mheshimiwa Kituntu, "ni Wizara ya Mambo ya Nje."

Wakabishana hivyo vikao vingi, na mimi nikatoa taarifa nyingi kwamba mazungumzo yanaendelea vizuri. Huku wodini mfupa wa Bi Kazija ulikuwa hauna habari na mazungumzo, unaendelea kuunga upande. Kila asubuhi Dk. Raziki aliupapasa, na kila asubuhi alikuja ofisini kwangu amevimba. "Waambie, jamani! Mama wa watu atakuwa kilema kwa ajili ya kopo!" Nami nikamwambia ajikaze, mambo makubwa hayaendi mbio.

Mwishowe ikakubaliwa waweke saini wote wawili, siku moja, kwenye sherehe moja, wakiwa wageni rasmi wawili. Maana kwetu hakuna kinachoanza bila mgeni rasmi. Choo kipya kikijengwa sokoni, watu wanajibana mpaka kizinduliwe, na anayetangulia kuingia ni mgeni rasmi, hata kama hana haja.

*

Jamani, sherehe ilifana! Mahema, vikundi vya ngoma, skauti, viti vyenye foronya. Mezani pakawekwa kopo la gundi limezungushiwa maua, na kalamu mbili mpya. Ratiba ilisema hotuba kwanza, saini baadaye, na ratiba niliiandika mwenyewe.

Mheshimiwa Tindwa akasimama. "Ndugu wananchi! Zamani tulikuwa tunavunjika kizamani. Mtu anavunjika, analala, anangoja. Leo ninayo furaha kuwatangazia kwamba tumeingia enzi ya kuvunjika kisasa!"

Vigelegele. Akazidiwa na furaha, akatumbukiza vidole vya mkono wa kulia kwenye kopo. "Nimeishika! Imetengenezwa hapa hapa nyumbani!"

Kule nyuma nikamwona Dk. Raziki amenyoosha mkono. "Maswali yatapewa nafasi baadaye, Daktari," nikasema kwenye maikrofoni, kwa adabu kabisa.

Mheshimiwa Kituntu hakukubali kupitwa. "Mwenzangu ameishika kwa vidole," akasema. "Mimi, kwa kuwa nawapenda zaidi, naishika kwa kiganja kizima!" Akachota.

Dk. Raziki alikuwa amepanda juu ya kiti, anapunga mikono yote miwili na kupiga kelele. Nikaona mtaalamu wetu amejawa na hisia, nikawaomba wananchi wampigie makofi. Makofi yakameza kelele zake.

Wapiga picha wakasogea. "Waheshimiwa, shikaneni mikono! Tabasamu. Moja ya huku. Moja ya kalenda." Wa redio naye alikuwepo na kamera yake, akataka ya kwake. Alipokwisha kushukuru, kila waziri akavuta mkono wake, na ukamjia na mwenzake.

Wakavuta tena. Mheshimiwa Tindwa akaegemeza mguu kwenye tumbo la Mheshimiwa Kituntu, akavuta kwa nguvu zote. Wapi! Vile viganja vilikuwa vimekuwa kitu kimoja. Gundi imefanya kazi, mbele ya umma, bila dosari. Sioni haya kusema kwamba nilitokwa na machozi ya fahari.

*

"Tulieni," akasema Dk. Raziki alipofika jukwaani, anahema, kachupa mkononi. "Hii ni dawa ya kuyeyushia. Naimimina hapa katikati, mnaachana sasa hivi."

Katibu wa Kamati ya Maadili akaingia kati. "Imeshajaribiwa kwa watu?"

"Bado."

"Basi huo ni utafiti, Daktari. Utafiti wa kitu juu ya miili. Unahitaji saini za mawaziri wawili."

"Si hawa hapa!"

"Naam. Waheshimiwa, tafadhali, kalamu hizi."

Waheshimiwa wakaitazama mikono yao ya kulia. Watu wote wakaitazama.

"Basi wasaini kwa kushoto," akasema Dk. Raziki.

Kina mama wakafunika vinywa. Skauti mmoja akashusha bendera. Kushoto! Mkono wenye kazi yake inayojulikana, tena haitajwi mbele za watu! Waraka wa serikali usainiwe kwa mkono ule? Hata panya tuliwaheshimu, tukawapaka wino mguu wa kulia. Nikaomba radhi kwa niaba ya Taasisi, nikaita kikundi cha ngoma.

Na manaibu mawaziri? Msiniulize. Walikuwepo, lakini hawakuwahi kupewa kalamu.

Ndiyo hivyo. Bila saini hakuna kuyeyusha, na bila kuyeyusha hakuna mkono wa kuweka saini. Ruhusa ya Bi Kazija nayo ikabaki pale mezani, pembeni ya maua.

*

Mwanzoni waheshimiwa waliteseka. Kwenye gari ilibidi mmoja apande kinyumenyume. Watu waliokuja kuwaamkia waliushika ule mkono wa pamoja na kuutikisa, heshima ikagawanywa huko ndani. Chakula ndicho kilichotia huruma. Kwa kuwa kushoto hakuliwi, walikata tonge kwa ule mkono mmoja, likaenda kwanza kinywani kwa Mheshimiwa Tindwa kwa sababu ya umri, halafu kwa Mheshimiwa Kituntu. Mchuzi ulikuwa unamfikia Kituntu umeshaisha. Kuhusu msalani iliundwa kamati ndogo, na taarifa yake haijatolewa kwa umma.

Kisha Rais akataka kubadilisha baraza. Alikuwa amemchoka Mheshimiwa Kituntu siku nyingi, akamwandikia barua ya kumwondoa. Walinzi wakaja kumtoa ofisini, wakakuta wakimtoa Kituntu wanamtoa na Tindwa, ambaye barua haikumtaja. Wakajaribu kumwacha Tindwa, Kituntu naye akabaki. Wakapiga saluti, wakaenda zao.

Mheshimiwa Kituntu akaugeuza ule mkono, akautazama kama mtu anayemwona mchumba. "Bwana Tindwa," akasema, "hivi wewe una haraka yoyote ya kuachana?"

"Ya nini, ndugu yangu? Mbona hata hausumbui."

Habari hiyo ilisambaa maofisini kuliko mafua. Wakurugenzi wakaanza kuja Taasisi kwa mlango wa nyuma, kila mmoja na kikopo chake. Makatibu wakuu wakabandikana na wakwe za Rais. Mkuu wa mkoa mmoja hakutaka kushirikiana na mtu, akajibandika kwenye kiti chake moja kwa moja, na mpaka leo akienda kukagua miradi anabebwa nacho. Mimi nikatangaza Mwaka wa Mshikamano. Wimbo wake mliusikia.

Gundi ikaisha stoo, ikaisha maabara. Likabaki kopo moja tu, ambalo Dk. Raziki alilificha chini ya kitanda cha Bi Kazija, nyuma ya beseni.

*

"Wanasemaje?" Bi Kazija akamuuliza siku moja.

"Hawataki kuachana," akasema Dk. Raziki. Akakaa ukingoni mwa kitanda. "Hawataki, Mama. Na mguu wako nimeupapasa leo. Ukipita muda kidogo tena, hata gundi haitasaidia."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mpiga picha, tumekuja kuchukua picha ya mgonjwa mwenye matumaini.

"Nisikilize," akasema Bi Kazija. "Mimi nimewalea watoto wangu wanne kwa miguu hii. Nimevuka mito nayo. Nimefukuzwa na mbwa wa kila kata. Leo nikalishwe barazani kwa sababu wanaume wawili wameshikana mikono? Siko tayari! Fanya utakavyofanya. Nifanye meza ukitaka!"

Dk. Raziki akainua kichwa. Akamtazama Bi Kazija. Akautazama mguu wake, kamba, roda na tofali. Halafu akacheka peke yake, mpaka nikaogopa.

"Meza," akasema. "Meza haihitaji saini!"

Na kweli. Kwa utaratibu wa Wizara ya Vitu, kupima mbao, nondo, mabati na fanicha hakuhitaji ruhusa ya waziri. Unapeleka kitu stoo, kinapigwa namba ya rangi nyekundu kama viti vyote vya serikali, basi, unakifanya utakavyo. Akaufungua mguu kwenye kamba, akaanza kukisukuma kile kitanda cha magurudumu kwenye korido, mbio, Bi Kazija ameshikilia vyuma, kopo mapajani. Nami nikafuata, maana ndiyo kazi yangu.

*

Mtunza stoo wetu ni Bwana Nassoro Kaoneka, mtu mwaminifu kupita kiasi. Watoto wake nyumbani wana namba.

"Nimeleta sampuli," akasema Dk. Raziki.

Bwana Kaoneka akavaa miwani. "Sampuli ya nini?"

"Nguzo. Nguzo yenye ufa. Nataka kuiziba ufa nione inabeba kiasi gani."

"Imetengenezwa kwa kitu gani?"

"Madini ya chokaa, kwa sehemu kubwa."

Akaugonga ule mguu kwa penseli. "Aah!" akalia Bi Kazija.

"Inatoa sauti," akasema Bwana Kaoneka, akitikisa kichwa kwa mashaka. "Na hivi vidole vya nini?"

"Ni kitako chake. Inasimamia hapo."

"Ni kuukuu au mpya?"

"Kuukuu mwenyewe!" akafoka Bi Kazija.

Bwana Kaoneka akamwangalia kwa mara ya kwanza. "Daktari, na huyu mama aliyeungana na nguzo?"

Dk. Raziki hakupepesa macho. "Hicho ni kifungashio."

"Mimi kifungashio?"

"Mama, tafadhali."

Bi Kazija akabana midomo. Nilimwona jinsi alivyomeza maneno, tena yalikuwa makubwa. Bwana Kaoneka akaridhika. Akafungua kopo la rangi, akalowesha brashi, na kwa mwandiko mzuri ajabu akaandika kwenye muundi wa Bi Kazija: MALI YA SERIKALI, na namba chini yake. Akapuliza ikakauka.

Kazi ikafanyika siku ile ile. Nguzo ikafunguliwa, ikanyooshwa, ikapakwa gundi, ikashonwa. Kwa tahadhari kifungashio nacho kilipewa dawa ya usingizi.

*

Mguu ukapona! Nawaambia, ulipona! Asubuhi ile Bi Kazija aliposhuka kitandani nilikuwepo. Alikanyaga kidogo, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga. Akakanyaga zaidi. Akazunguka wodi nzima, akarudi, akamkumbatia Dk. Raziki, akamwinua juu na viatu vyake, wakalia wote wawili. Wagonjwa wengine wakapiga kelele: na sisi ni nguzo! Na mimi nifanye kabati! Dk. Raziki akawaambia kopo limebakiwa na ya kutosha, wajipange.

Bi Kazija akafunga kanga zake, akajitwisha robota, akashika njia ya langoni. Wanawe na wakwe zake walikuwa nje wanamngoja na ngoma. Langoni alikuwepo Bwana Kaoneka.

"Hongera, Mama," akasema. "Wewe pita. Mguu ubaki."

"Unasemaje?"

Akamwonyesha kibao kilichopigiliwa ukutani. MALI YA SERIKALI HAITOKI NJE YA LANGO. "Ukitaka kuutoa, iletwe ruhusa yenye saini za mawaziri wawili. Kifungashio hakina tatizo, kinaruhusiwa."

Dk. Raziki akaja mbio na koti lake jeupe. Akabembeleza, akafoka, akaeleza kwamba mguu una mtu. Bwana Kaoneka machozi yakamlengalenga, maana si mbaya, lakini akasema, "Daktari, mwaka jana kilipotea kigoda kimoja tu hapa. Niliulizwa mpaka nikaumwa. Leo nipoteze mguu?"

Nami, kwa kuwa napenda amani, nikampa Bi Kazija ushauri wa kitaalamu. Nikamwambia angeweza kusimama pale pale langoni, mguu wa serikali ndani, wa kwake nje, akauza kanga zake vizuri tu. Wateja wangemfuata. Alinitazama, na nikarudi nyuma hatua kadhaa.

Kisha akakisoma kile kibao tena, polepole, kidole kinafuata herufi.

"Haitoki nje ya lango," akasema.

"Ndivyo."

"Mahali pengine inaruhusiwa kwenda? Ikiwa ndani ya lango?"

"Ndani ya lango, popote, Mama. Hata ukicheza."

Bi Kazija akageuka akawaita wanawe. "Ng'oeni lango."

"Mama!"

"Ng'oeni, nimesema! Libebeni, litangulie mbele. Mimi nitafuata nyuma. Niko ndani, siko ndani?"

Bwana Kaoneka akalitazama lango, akautazama mguu, akahesabu kitu kwenye vidole. Nilimwona anatafuta kosa, na alilitafuta kwa moyo wote, mtu yule. Hakulipata. Lango lenyewe ni mali ya serikali, lakini lango haliwezi kutoka nje ya lango. "Mradi lisimtangulie sana," akasema hatimaye, akachukua kopo lake la rangi, akafuata.

Vijana wanne wakalibeba, nguzo zake na bawaba zake. Ngoma ikaanza. Bi Kazija akatoka, au niseme akabaki ndani, akatembea. Walipofika barabarani, barabara ikawa ndani ya Taasisi. Walipofika sokoni, soko likawa ndani ya Taasisi, na wauza nyanya wakaniuliza kama sasa wao ni watafiti. Nikawaambia ndiyo, ila wasubiri barua.

Jioni nikatoa taarifa kwamba serikali imeipanua Taasisi mara dufu kwa siku moja, jambo lisilowahi kufanywa popote. Waheshimiwa wawili wakaja kuzindua upanuzi. Ilibidi wakimbie kidogo, kwa sababu Bi Kazija alikuwa ameshahama mtaa, na mkasi waliushika kwa shida. Dk. Raziki hakuhudhuria. Alikuwa wodini anaziba ufa wa kabati na vigoda viwili.

Tangu hapo mama yule hajakaa chini. Amekwenda wilaya zake zote, na lango mbele, na Bwana Kaoneka nyuma anapiga namba kila kinachoingia. Taasisi yetu sasa ina misitu mitatu, ziwa, na kiwanda cha bia. Mimi namfuata kwa miguu kwa ajili ya taarifa, na viatu vimenikwisha.

Juzi tulifika mpakani. Binti yake wa mwisho ameolewa ng'ambo, amejifungua mapacha, na Bi Kazija akasema hakuna mtu wa kumzuia kuwaona. Askari wa nchi jirani waliona lango la chuma linawajia limebebwa na wanaume, wakainua bunduki. Mkubwa wao akapaza sauti, "Simameni hapo! Mnavamia, au mnafanya nini?"

Vijana wakasimama. Bwana Kaoneka akaficha brashi. Mimi nilitafuta tamko, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikulipata.

Bi Kazija akapita katikati yetu, akasimama kwenye uwazi wa lango, akatua robota lake chini kwa mguu ulionyooka sawasawa.

"Natembeza kanga," akasema. "Mnanunua, au nipite?"